Massey Ferguson 135 ya Kigumba: kwa nini rangi mpya ilibanduka kabla mahindi hayajavunwa

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135 la dizeli, mali ya Hajati mmoja anayelima mahindi nje kidogo ya mji wa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Marehemu mumewe alilinunua likiwa tayari limefanya kazi kwa watu wengine, na tangu afariki anayeliendesha ni mjukuu. Hulima mashamba ya watu kwa malipo, na msimu wa mavuno huvuta tela la magunia hadi kwa wanunuzi walioko barabarani.

Mvua za kwanza za mwaka zilipokaribia, familia iliamua lipakwe rangi. Sababu ilikuwa ya kibiashara kabisa. Barabara ya Kampala kwenda Gulu inapitisha matrekta mapya ya kila aina, na mwenye shamba anayetafuta mtu wa kumlimia hutazama boneti kabla ya kuuliza plau ina diski ngapi. Trekta la Hajati lilikuwa limepauka hadi wekundu ukawa waridi. Akaitwa fundi wa rangi, akaifanya kazi uani pale nyumbani, trekta likang'aa mpaka watoto wa jirani wakaja kujitazama kwenye madigadi.

Kabla mahindi ya msimu huo hayajakauka, rangi ilikuwa inatoka mapande kwa mapande. Trekta lilikuwa na tabia mpya ya kuzimika katikati ya shamba, likipumzishwa linawaka tena. Na ukikanyaga breki barabarani, lilivuta kulia. Familia ilihesabu mikosi mitatu isiyohusiana: fundi wa rangi mbaya, pampu ya dizeli iliyochoka, na tairi zisizo na upepo sawa. Mimi niliitwa kwa ajili ya huo wa kwanza tu.

Ilikuwa karibu niletewe msasa mkononi. Niliomba kwanza nilizunguke trekta bila kukwangua chochote, na mjukuu akanuna kidogo, maana alikwisha kununua msasa wa kutosha kusugua basi. Lakini rangi ikishakwanguliwa, ushahidi umekwenda nayo. Namna rangi ilivyotoka mahali fulani ndiyo inayokuambia kilichokuwa chini yake, na trekta hili lilikuwa limeharibika kwa namna tatu tofauti katika sehemu tatu tofauti. Mtu akiliangalia kwa jumla atasema "rangi feki" na kuishia hapo. Rangi haikuwa feki.

Niseme kidogo kuhusu mashine, kwa wale watakaouliza kama inastahili taabu hii. Modeli ya 135 ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, ikichukua nafasi ya modeli ya 35. Injini yake ya Perkins ina silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, na nguvu yake ni kama farasi 45. Ni injini ambayo fundi yeyote wa dizeli kati ya Masindi na Lira ameshaifungua. Kilicho muhimu zaidi ni vipuri. TAFE ya India na Millat ya Pakistan ziliendelea kwa miaka mingi kuunda matrekta ya ukoo huohuo, kwa hiyo sili, ringi na gaskiti bado zinapatikana Kampala katika maduka ya Kisekka na Katwe. Hili si jumba la makumbusho. Ni trekta la kazi ambalo bado lina ndugu wengi, na hilo liliamua mengi tuliyofanya baadaye.

Boneti: mikunjo

Juu ya boneti rangi haikubanduka. Ilijikunja kama utandu wa maziwa yaliyochemka, hasa katikati, na pembeni ilikuwa laini. Mikunjo ya namna hiyo kwa kawaida ina maana moja: thina kali ya rangi ya juu imeingia katika rangi ya chini na kuivimbisha.

Nikamuuliza Hajati kama boneti iliwahi kupakwa kwa mkono.

"Marehemu alipenda kuipaka mwenyewe," akasema. "Kila Idi alikuwa na kopo lake na brashi. Rangi ileile ya milango."

Basi hapo ndipo palipoanzia. Rangi ya mafuta ya milango hukauka kwa kuvuta hewa polepole, na hata ikishakuwa ngumu juu, thina ya rangi ya magari inaweza kuiamsha. Fundi alipuliza rangi ya magari juu yake bila kujaribu. Jaribio lenyewe ni la dakika chache: chukua kitambaa, kiloweshe thina utakayotumia, kibandike mahali pasipoonekana, tuseme upande wa ndani wa boneti karibu na bawaba, kisha subiri. Rangi ya zamani ikilainika au ikijikunja, ama uiondoe yote, ama utumie rangi ya juu isiyo na thina kali. Hakuna njia ya tatu, ingawa kila gereji ina mtu anayedai anayo.

Pembeni mwa boneti marehemu hakuwa amefika na brashi yake. Ndiyo maana huko rangi ilikaa vizuri.

Madigadi: malengelenge

Kwenye madigadi kulikuwa na malengelenge madogo, mengi zaidi upande wa juu ulio bapa. Lengelenge ni lazima ulitoboe. Nilitumia ncha ya kisu. Machache yalikuwa na kutu ya kahawia chini, na hayo ni mambo ya kawaida: kutu haikuondolewa, ilifunikwa tu. Lakini mengi yalitoa tone la maji, na chini yake praima, yaani rangi ya msingi, ilikuwa safi na bati halina kutu.

Maji safi chini ya rangi yanaweza kutoka kwenye kompresa. Hewa ikibanwa hupata joto, na ikipoa katika mpira inaacha maji, ambayo yanarushwa pamoja na rangi kama hakuna mtego wa kuyakamata. Kazi ile ilifanywa mvua zikiwa zimeanza, asubuhi, bati likiwa na umande. Hilo peke yake lingetosha. Hata hivyo maji ya kompresa hutawanyika kote, na haya yalikuwa yamejikusanya juu ya madigadi tu, tena mahali ambapo mtu angeweka mzigo.

Mjukuu alipoulizwa mzigo gani hupandishwa hapo, alijibu bila kufikiri: mbolea. Wateja wa mbali humwomba awabebee gunia moja moja wakati anakwenda kulima, naye huyafunga juu ya madigadi. Mbolea nyingi za dukani ni chumvi. Punje zikiyeyuka kwa umande huacha chumvi katika vitundu vya bati ambayo jicho haliioni. Ukipaka rangi juu yake, chumvi ile inavuta unyevu kupitia rangi yenyewe, tone kwa tone, mpaka lengelenge linainuka. Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulikosea: msasa hauondoi chumvi, unaisukuma ndani zaidi. Inaondolewa kwa maji mengi safi na sabuni, kabla ya msasa kugusa bati, na tena baada yake.

Ekseli ya nyuma: mapande

Nyuma ndiko rangi ilikotoka kwa mapande makubwa, unayavuta kwa kucha. Nyuma ya kila pande palikuwa na utelezi. Hiyo ni oili, na mtu yeyote angeitaja. Familia ilikwisha kuitaja. "Alipaka juu ya uchafu," alisema mjukuu, na alikuwa na haki nusu.

Nusu ya pili ilionekana kwenye rimu. Rimu ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto, upande wa ndani, ilikuwa imebanduka kwa michirizi iliyoanzia katikati na kwenda nje, na michirizi mingine ilikuwa ndani ya digadi la kushoto, kwenye mstari uleule. Oili iliyokuwepo kabla ya kupaka ingeacha madoa, au mkondo ulioteremka chini. Michirizi ya kutoka katikati kwenda nje inarushwa na kitu kinachozunguka. Kwa hiyo oili hii ilikuja baada ya rangi, na ilikuwa bado inakuja.

Katika 135 gia, difu na haidroliki vinatumia oili moja ndani ya nyumba moja, na oili hiyo inafika mpaka kwenye mabomba ya ekseli kushoto na kulia. Kinachoizuia isitoke ni sili ya shafti ya gurudumu. Sili ikifa, mahali pa kwanza inapomwagikia si rimu. Ni ndani ya dramu ya breki, kwenye viatu, halafu ndipo inatafuta njia ya kutoka na kurushwa.

Nikamwambia mjukuu apande, aende polepole mpaka mwisho wa uwanja, akanyage breki zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zikiwa zimefungwa pamoja kwa kitasa chake. Trekta likavuta kulia, kama alivyosema. Hakukuwa na kosa lolote kwenye tairi. Breki ya kulia ilikuwa inashika, ya kushoto ilikuwa inaoga. Kijana huyu alikuwa anavuta tela lililojaa mahindi kwenye barabara ya mabasi ya Gulu akiwa na breki moja, na aliyemwambia ni rangi ya rimu.

Nilimweleza Hajati hivyo hivyo bila kupunguza. Akamtazama mjukuu wake muda mrefu kisha akasema, "Funguo nipe mimi." Funguo zilikaa kwake mpaka sili ilipobadilishwa.

Kuzimika shambani

Mkosi wa mwisho haukuwa na rangi iliyobanduka hata kidogo, na kwa hiyo ulichelewa kuonekana. Trekta likilima, baada ya muda linapoteza nguvu na kuzimika. Ukisubiri, ukifungua hiki na kile, linawaka. Fundi wa dizeli mmoja alikwisha kushauri pampu mpya.

Nilichokiona ni kwamba fundi wa rangi hakuwa amefunika chochote kwa gazeti wala mkanda. Kibati chenye namba ya trekta kilikuwa chekundu. Nipeli za grisi zilikuwa nyekundu. Mapezi ya redieta yalikuwa mekundu, na rangi ilikuwa imeziba baadhi ya nafasi za hewa, jambo ambalo halikuwahi kumsaidia mtu aliyeko shambani saa saba mchana. Mfuniko wa tangi la dizeli nao ulikuwa mwekundu na unang'aa vizuri sana, pamoja na kitundu chake kidogo cha kupumulia.

Tangi lisilopumua linatoa dizeli mpaka ombwe ndani yake linashinda pampu. Injini inazimika. Hewa inapenya taratibu kwenye uzi wa mfuniko, ombwe linapungua, injini inawaka. Tulizibua kitundu kwa waya mwembamba, na kabla ya kurudisha funguo kwa Hajati tuliacha injini ikinguruma palepale uani na kuipa kazi ya kuinua na kushusha plau muda mrefu. Haikuzimika. Ushauri wa pampu mpya ungegharimu zaidi ya rangi yote.

Sitaki kumsulubu fundi wa rangi. Alilipwa kupaka, akapaka. Kosa la mpango lilikuwa kuanza na kitu ambacho kinapaswa kuja mwisho, na hilo lilikuwa la familia.

Tulivyolirudisha

Tulisubiri kiangazi. Kati ya Desemba na Februari Kiryandongo ni kavu, ingawa ina vumbi la kutosha, na vumbi nitalirudia. Sili ndiyo iliyotangulia. Gurudumu la nyuma la trekta ni zito kuliko linavyoonekana, na wengine huwa wamejaza maji kwenye tairi, kwa hiyo ekseli ilikaa juu ya magogo mazito, jeki ikabaki kuwa msaidizi tu. Kola inayobana beringi kwenye shafti haitoki kwa nyundo. Shafti ilipelekwa Masindi kwenye karakana yenye mashine ya kusukumia. Viatu vya breki vilitupwa. Kuna desturi ya kuvichemsha au kuviosha kwa petroli na kuvirudisha, na vitashika vizuri mpaka vipate joto, ndipo oili iliyojificha itoke tena. Vumbi la dramu tulilifuta kwa kitambaa chenye maji. Viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, na kupuliza vumbi lile kwa kompresa ni kulimwaga kwenye mapafu ya kila aliye uani.

Usafi wa nyuma ulichukua muda kuliko kupaka: kukwangua matope yaliyoganda kwa kipande cha bati, mafuta ya taa na brashi, sabuni ya unga na maji ya moto, kisha kurudia mpaka maji yaliyomwagwa yanatanda kwenye chuma bila kukimbia na kujikusanya. Hapo ndipo oili imekwisha.

Vipande vidogo vyenye kutu, yaani pini, minyororo na kishikio cha betri kilichokuwa kimeliwa na asidi, vililowekwa kwenye pipa la molasi na maji, molasi sehemu moja kwa maji sehemu tisa hivi. Molasi eneo hili haina shida, kiwanda cha sukari cha Kinyara kiko Masindi, na wengi wanaijua kwa sababu ya waragi, ile pombe kali, kuliko kutu. Inafanya kazi pole pole, kwa wiki kadhaa, na inanuka, lakini inakula kutu na kuacha chuma. Usiweke humo kitu cha alumini. Kuhusu wanaopendekeza soda ya chupa: ina asidi inayofaa, kidogo mno, na watoto watakuuliza kwa nini chuma kinapewa soda na wao hawapewi.

Boneti na madigadi tuliyavua rangi yote hadi bati. Msasa ulitumiwa ukiwa na maji, kwani rangi za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na risasi, na unga mkavu wa risasi unapoangukia uani kwenye kuku na watoto ni sumu inayokaa. Maji ya msasa yaliingia shimoni mbali na kisima. Lakini nyumba ya gia hatukuivua. Pale ambapo rangi ya kijivu ya kiwandani ilikuwa bado imeshika baada ya kuoshwa, tuliilainisha kingo tu na kuiacha. Najua wapo watakaolaumu. Rangi iliyokaa juu ya chuma kwa zaidi ya miaka 45 imeshathibitisha inavyoshika, na sioni sababu ya kuing'oa ili niweke ya kwangu ambayo bado haijathibitisha chochote.

Aina ya rangi ilileta mjadala. Mjukuu alitaka ile ya sehemu mbili yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha, inayong'aa kama gari jipya. Hadina hizo zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumfanya mtu apate pumu ya kudumu, na kitambaa cha pua au barakoa ya vumbi haviizuii. Inahitaji kifaa kinachomletea mpulizaji hewa safi kutoka nje, ambacho uani kwetu hakikuwepo. Tulichukua praima nyekundu ya chuma na rangi ya mafuta ya mashine, ubora wake ukiwa kwamba ikichubuka shambani unaweza kuigusa kwa brashi. Wekundu haukuchanganywa kwa kukisia. Chini ya tangi, mahali ambapo jua halijawahi kufika, wekundu wa kiwandani ulikuwa bado uko. Tulikata kipande cha rangi hiyo na kukipeleka kwa mchanganyaji.

Vumbi lilitutawala zaidi ya kitu kingine. Upepo wa kiangazi huamka katikati ya asubuhi, na umande wa alfajiri unakataza kuanza mapema, kwa hiyo dirisha la kupulizia lilikuwa jembamba: bati likishakauka kabisa na kabla majani ya migomba hayajaanza kucheza. Tulimwagia uwanja maji usiku uliotangulia. Mpira wa kompresa ulikuwa mrefu, na mtego wa maji uliwekwa mwishoni mwake, karibu na mkono, ambako hewa imeshapoa. Kibati cha namba, nipeli, redieta na mfuniko vilifunikwa. Silensa haikupakwa nyekundu.

Rimu zilizua ubishi wa mwisho. Kiwandani zilikuwa za fedha. Mjukuu alizitaka njano, ili pamoja na boneti nyekundu na tairi nyeusi trekta libebe rangi za bendera.

"Jaja, litaonekana kutoka Bweyale," alisema.

Hajati alikubali, kwa sharti kwamba mbolea isipande tena juu ya madigadi. Mimi ningeziacha za fedha, ila trekta si langu.

Limeingia msimu likiwa hivyo, jekundu na rimu njano. Upande wa kushoto ni mkavu. Wa kulia, nilipopita mara ya mwisho, sili yake ilikuwa imeanza kutoa jasho kidogo kwenye ukingo wa dramu, na kwa kuwa rimu sasa ni njano doa linaonekana mapema. Sili ya upande huo imeshanunuliwa. Itafunguliwa mvua zikikatika.